Leseni ya baa nchini Kenya: kwa nini kila mageuzi humwangukia mwenye baa ndogo

Mapema Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, watu walikunywa pombe kwenye baa ya hapo sokoni, na zaidi ya 15 kati yao wakafa. Wengine walipofuka. Uchunguzi ulipoanza, ikaelezwa kwamba pombe ile ilikuwa imeshawahi kukamatwa na polisi na kuwekwa katika kituo cha Kiamaciri kama kielelezo cha mahakamani, kisha ikaibwa na kurudi sokoni. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 6 Machi, Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza masharti mapya kwa nchi nzima. Miongoni mwayo: baa zilizo katikati ya makazi ya watu na zile zilizo karibu na shule zifungwe, na leseni zao zifutwe.

Tazama mfuatano huo. Sumu ilitoka stoo ya polisi, na adhabu ikaangukia baa iliyo chini ya ghorofa huko mtaa wa Umoja, Nairobi, ambayo haijawahi kusikia jina la Kangai. Sisemi baa za makazini hazina kero. Anayelala juu ya spika anajua anachokipata. Ninachosema ni kwamba kero hiyo na vifo vile ni mambo mawili tofauti, na Kenya imekuwa ikiyatibu kwa dawa moja kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Dawa yenyewe ni leseni.

Leseni ya pombe inadhibiti mlango. Inasema nani afungue, wapi, saa ngapi, na amuuzie nani. Kilichomo ndani ya chupa kinasimamiwa na watu wengine kabisa: shirika la viwango KEBS, mamlaka ya kodi KRA na stempu zake za ushuru, na polisi wa barabarani wanaokutana na lori usiku. Watu wakifa, ni vigumu kumfuata aliyechanganya sumu ya methanoli, kwa sababu hana anwani. Mwenye baa anayo anwani, ina namba na imetundikwa ukutani kwa fremu. Kwa hiyo serikali inamfuata huyo.

Sheria ya Mututho

Kabla ya 2010 Kenya ilikuwa na sheria ya leseni za vileo, Sura ya 121, iliyorithi mtindo wa kikoloni, na pembeni yake sheria iliyopiga marufuku kabisa chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Marufuku hiyo haikumaliza chang'aa. Iliisukuma gizani, na gizani ndiko ilikokuwa ikiongezewa makali. Novemba 2000, kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi moja iliuzwa shilingi kumi, kiliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi.

Mbunge wa Naivasha, John Mututho, ndiye aliyeupeleka bungeni mswada uliokuja kuwa Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010. Ilianza kutumika Novemba mwaka huo, na tangu siku hiyo Wakenya hawajaiita kwa jina lingine ila Sheria ya Mututho. Iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya ubora, ikapiga marufuku pombe ya pakiti, ikaweka maonyo ya afya kwenye lebo. Lakini kinachokumbukwa na watu ni saa. Baa ya kawaida, Jumatatu hadi Ijumaa, ifunguliwe saa kumi na moja jioni na ifungwe saa tano usiku. Wikendi na sikukuu, kuanzia saa nane mchana.

Fanya hesabu ya mwenye baa. Siku ya kazi ana saa sita za kuuza. Kodi ya nyumba haijui saa, inadaiwa mwezi mzima. Friji inakula umeme usiku na mchana. Mhudumu lazima aje mapema kupanga chupa na kupiga deki. Zamani mchana ulikuwa na wateja wake: mzee mstaafu na gazeti, dereva aliyemaliza zamu ya asubuhi, fundi ambaye leo hakupata kazi. Hawakuwa wengi, lakini walikuwa wanalipa umeme.

Watu hao hawakuacha kunywa. Walihamia mlango mwingine, na hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Sheria haikuweka saa moja kwa wauzaji wote. Ilizigawa leseni kwa aina. Hoteli inaweza kumhudumia mgeni wake aliyelala hapo wakati wowote. Mkahawa una masharti yake yanayoendana na chakula. Klabu za wanachama zina zake. Na duka linalouza chupa ya kubeba, lile ambalo mtaani tunaliita "wines" tu, liliruhusiwa kufungua saa nne asubuhi hadi saa mbili na nusu usiku.

Kwa hiyo mchana wote ambao baa imefungwa, duka la jirani liko wazi kihalali. Leseni yake hairuhusu mtu kunywea hapo. Lakini tembea mji wowote mdogo saa tisa alasiri uone: mtu ananunua chupa ndogo, anavuka hatua tatu, anasimama ukutani. Aliyekuwa akinywa bia mbili akiwa ameketi, mbele ya mhudumu anayemjua na anayeweza kumwambia "leo imetosha, mzee", sasa anakunywa spiriti akiwa amesimama, bila mtu wa kumhesabia. Mwenye baa alipoona hivyo, akafanya jambo la akili ya kibiashara: akafunga baa, akaondoa viti, akaweka nondo kwenye kaunta na kuomba leseni ya "wines". Ukishangaa kwa nini kila barabara imejaa vidirisha vya chuma vyenye chupa nyuma yake, hiyo ni sehemu ya jibu.

Mwenye mtaji ana njia tofauti. Anaongeza jiko, anapata leseni ya mkahawa. Anaongeza vyumba sita juu, anakuwa hoteli. Kila sharti lina ngazi ya kulivukia, na ngazi hiyo inauzwa. Baa ya meza sita haina pa kuiegesha.

Janga la korona lilionyesha jambo hili waziwazi kuliko hotuba yoyote. Machi 2020 baa zilifungwa, lakini mikahawa ikaachiwa ihudumie kwa masharti. Muda si muda, pombe ikawa inanywewa kwenye meza zenye sahani moja ya chipsi isiyoguswa. Tarehe 27 Julai Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku uuzaji wa vileo kwenye mikahawa pia, kwa siku 30. Baa zenyewe zilingoja hadi mwishoni mwa Septemba kufunguliwa. Kwa miezi sita, tofauti kati ya kula na kufunga mkaja ilikuwa neno moja kwenye cheti.

Mita 300

Sharti la pili ni umbali. Baa isipewe leseni ikiwa iko chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto walio chini ya miaka 18, na sheria inataja hata shule za chekechea. Nani angepinga? Kijijini, penye shule moja ya msingi kando ya kanisa, sharti hili linatekelezeka bila shida.

Sasa lipeleke Pipeline au Kayole, mitaa ya Nairobi iliyosongamana. Shule za binafsi za chekechea hapo zimo ndani ya majengo yaleyale ya kupangisha, ghorofa ya kwanza, geti la bluu, picha ya Mickey Mouse ukutani. Chora duara la mita 300 kuzunguka kila moja; hakuna kipande cha ardhi kitakachobaki nje ya duara. Maana yake ni kwamba karibu kila baa ya mtaa ina kosa tayari, hata kabla ya kuuza chupa ya kwanza. Na inaweza kutokea baa ikatangulia, shule ikaja baadaye, na mwaka wa kuhuisha leseni ukakuta hali imebadilika bila mwenye baa kusogeza kiti.

Sheria isiyoweza kutimizwa haifungi baa zote. Inaziacha wazi zote, kisha inampa mtu fulani uwezo wa kuchagua ipi ifungwe leo. Anayejua mambo ya mtaa anajua uwezo huo unauzwaje.

Wakubwa wawili

Hapa panahitaji utulivu, maana hata mawakili hujikwaa. Sheria ya 2010 iliweka kamati ya leseni kila wilaya, chini ya uenyekiti wa mkuu wa wilaya, yaani mtu wa serikali kuu. Mwaka huohuo wananchi walipitisha Katiba mpya, na Jedwali lake la Nne likaitaja "leseni za vileo" kwenye orodha ya kazi za kaunti. Sheria na Katiba zilizaliwa pamoja zikiwa zimeelekea pande mbili.

Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kaunti zikaanza kutunga sheria zao. Ya Nairobi ni ya 2014. Tangu hapo kuna kaunti 47, kila moja na ada zake, kamati zake na fomu zake. Kaunti inahitaji mapato yake yenyewe, na leseni ya pombe ni pesa iliyo karibu. Kwa hiyo ina sababu ya kutoa leseni nyingi. Serikali kuu ndiyo yenye polisi, machifu na makamishna, na ndiyo inayopigiwa kelele watu wakifa. Kwa hiyo ina sababu ya kutaka leseni ziwe chache. Mwenye baa amelipa kwa wa kwanza na anakamatwa na wa pili.

Hebu simama nyuma ya kaunta uone ukuta. Leseni ya vileo ya kaunti, inayokwisha kila mwaka. Kibali cha biashara. Cheti cha afya cha jengo, na vingine vya wahudumu mmoja mmoja. Cheti cha zimamoto. Ukipiga muziki, leseni ya muziki, na miaka mingi palikuwa na vyama vitatu vya kukusanya mirabaha ya wasanii. Ukionyesha mpira, dekoda iwe ya biashara, si ya nyumbani. Hakuna hata karatasi moja kati ya hizo inayosema kama pombe iliyo kwenye rafu ni salama. Hiyo unaitazama kwenye stempu ya KRA shingoni mwa chupa, na stempu bandia nazo zipo.

Mvutano huu wa wakubwa wawili umezaa mtindo unaojirudia. Mwishoni mwa 2022 gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi kwa sababu ya kelele. Wenye biashara wakaenda mahakamani na amri ikasimamishwa. Mwaka 2023 gavana wa Kirinyaga, Anne Waiguru, alifunga baa za kaunti nzima ili zikaguliwe upya. Nako mahakama ikaingilia. Kisha Kangai, kisha masharti ya Kindiki, kisha mahakamani tena.

Wengi huona kesi hizi kama ushindi wa wenye baa. Kwa baa kubwa ni kweli. Yenye wakili wa kudumu na akiba ya miezi mitatu inasubiri amri ya jaji huku imefunga. Baa ndogo inaishi kwa mauzo ya jana. Wiki mbili za kufungwa zinatosha: bia kwenye pipa imechacha, mhudumu amepata kazi kwingine, mwenye nyumba ameweka kufuli yake juu ya kufuli ya serikali. Amri ya mahakama ikifika, haina cha kufungua.

Baa moja kila mji

Wazo lililovuma sana mwaka 2023 lilitoka kwa Rigathi Gachagua, akiwa Naibu Rais: kila mji mdogo wa eneo la Mlima Kenya ubaki na baa moja. Kwa masikio ya mama ambaye mwanawe analala mtaroni kila Ijumaa, hilo ni neno la faraja, na nisingethubutu kumcheka. Lakini tujiulize hiyo moja ingekuwa ya nani.

Nchi moja ilishajibu. Ireland, tangu sheria ya 1902, haitoi leseni mpya ya baa hivi hivi. Kwa kanuni ya jumla anayetaka kufungua lazima kwanza anunue na kuizima leseni iliyopo. Lengo lilikuwa kupunguza ulevi. Matokeo yake ni kwamba karatasi ile ikageuka mali, na leo inauzwa kwa makumi ya maelfu ya yuro kabla hujanunua hata kiti. Baa ya kijijini ikilemewa, leseni yake hununuliwa na kupelekwa mjini, mara nyingi kwenye duka kubwa la vyakula. Wanaotaka kufungua baa ndogo yenye ladha yao hawana pa kuanzia. Serikali ya huko imekuwa ikizungumzia kuibadilisha kanuni hiyo kwa miaka mingi sasa.

Ukiweka ukomo wa idadi huko Kutus au Kagio, leseni itapata bei, na bei itampata mwenye pesa. Atakayebaki atauza kwa bei anayotaka, na mteja asiyeimudu atarudi alikotoka, kwa mama pima, muuzaji wa chang'aa, mtoni.

Pipa lilifanya nini

Mwaka 2004 East African Breweries ilianza kuuza Senator, bia ya bei ya chini inayotoka kwenye pipa, na serikali ikaisamehe ushuru wa bidhaa. Hoja ilikuwa wazi, miaka minne tu baada ya kumi kumi: mpe maskini kinywaji salama kwa bei anayoiweza. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, pipa lilikuwa njia ya kuingia kwenye biashara halali: pampu, vikombe vya plastiki, mabenchi, basi. Baa nyingi za vijijini zinazoitwa "keg" zilizaliwa hivyo.

Mwaka 2013 serikali ilipokuwa ikitafuta mapato, iliondoa nusu ya msamaha huo. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo yakaporomoka, baa za pipa zikafunga. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 80 Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Sitadai kwamba kodi ndiyo iliyowaua. Walioichanganya sumu ndio waliowaua. Lakini mwaka 2015 sehemu kubwa ya msamaha ilirudishwa, na hilo linaonyesha Hazina iliona nini kwenye hesabu zake. Badiliko hilo halikugusa leseni hata moja, na bado lilizifunga na kuzifungua baa ndogo kwa kasi ambayo kamati za leseni hazijawahi kuifikia.

Sera ya 2025

Julai 2025 serikali ilizindua sera ya taifa ya kudhibiti vileo na dawa za kulevya, iliyoandaliwa na NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Pombe isiuzwe kwenye supamaketi, mikahawa, vituo vya mafuta, fukwe za umma, wala mtandaoni na kupelekwa nyumbani kwa pikipiki. Zogo lililofuata lilikuwa kubwa kiasi kwamba NACADA ililazimika kufafanua kuwa sera si sheria. Ili masharti hayo yamfunge mtu lazima yapite bungeni.

Baadhi ya wenye baa waliisoma kwa tabasamu la chini kwa chini. Supamaketi ikiondolewa rafu ya pombe na boda akikatazwa kubeba chupa, mteja atarudi kaunta. Huenda. Lakini sera hiyohiyo inayataja makazi ya watu kama mahali pa marufuku, na baa ya mtu binafsi, kwa asili yake, iko makazini. Wateja wake huja kwa miguu. Supamaketi ikipoteza rafu moja inabaki na mia. Hoteli ya kitalii itapata kifungu chake cha msamaha, maana haijawahi kukikosa.

Tanzania iliwahi kupita kwenye njia iliyo nyembamba zaidi. Machi 2017 ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya vipakiti vya plastiki, kwa sababu ya vijana na ya mazingira. Marufuku ililenga kifungashio, yaani bidhaa na si mlango, na glosari, baa ndogo ya mtaani, ikaendelea kuuza bia yake kama kawaida. Palikuwa na hasara kwa waliokuwa na shehena ghalani, na malalamiko ya haki kuhusu muda mfupi waliopewa. Lakini aliyejua sharti alijua pia namna ya kulitimiza: ondoa viroba rafuni.

Mswada wa Kenya utakapofika bungeni, mabishano ya redioni yatahusu umri wa miaka 21 na supamaketi. Mwenye baa ya meza sita aruke kurasa hizo kwanza, aende mwisho kwenye vifungu vya mpito. Je, leseni aliyokwisha kulipia itaheshimiwa hadi tarehe yake? Ikiwa shule ilimkuta, atapewa miezi mingapi ya kuhama? Na nani atakuwa na mamlaka ya kumfutia: kamati ya kaunti inayotakiwa kumsikiliza kwanza, au waziri mwenye kipaza sauti siku moja baada ya mazishi?